Nimepangiwa kushuhudia kwamba mwanangu amepona, na usiku namlaumu Mungu

Dada mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Nimelelewa katika Kanisa la Kilutheri, nimebarikiwa humo, nimefunga ndoa humo, na kwa miaka mingi sasa ndiye ninayeongoza maombi ya akina mama katika mtaa wetu. Nakuomba usilitaje jina langu.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 11. Aligundulika ana siko seli kabla hajafikisha mwaka, pale vidole vya mikono na miguu vilipomvimba tukadhani yaya amemwangusha. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, dripu na kuongezewa damu. Aliyelea mtoto wa namna hii anajua. Analala mzima, saa nane za usiku anaamka analia mifupa, unamfunga kanga, unatoka barabarani kutafuta bodaboda huku baba yake anahesabu hela zilizopo. Mwaka jana daktari alimwanzishia haidroksiurea, kidonge cha kila siku, na tangu hapo ahueni ilianza kuonekana.

Mwezi wa tano tulikuwa na semina ya neno la Mungu, akaalikwa mhubiri kutoka mkoa mwingine. Siku ya mwisho alimwita mwanangu mbele, akamwekea mikono, akatangaza kwamba damu yake imebadilishwa. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mimi nililia mpaka nikaketi chini. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa kipaza sauti nisimwite tena mtoto huyu mgonjwa, kwa sababu maneno huumba, na kwamba nikiendelea na dawa ni sawa na kumwambia Mungu sijakuamini.

Dada, dawa sikuacha. Ila nampa kwa siri. Wifi yangu anakaa nasi, na ni mtu wa maombi sana, kwa hiyo asubuhi nafunga mlango wa chumbani, nampa kidonge chake, namwambia asimwambie mtu.

Baada ya semina mtoto alikaa wiki nyingi bila kuumwa, hata sisi tukaanza kuzoea. Kanisani wanamtolea mfano. Sasa Umoja wa Wanawake wameomba nitoe ushuhuda siku ya Sikukuu ya Mavuno, na katibu ameshaniandika kwenye ratiba.

Hivi karibuni nilikuwa nafua uani, mdogo wake akaja akaniambia, "Mama, kaka analia chooni." Nikaenda. Nilimkuta amejikunja, ameng'ata taulo ili sauti isitoke. Nikamuuliza kwa nini hukuniita? Akanijibu hivi: "Si mlisema nimepona? Nikisema naumwa, Mungu atakasirika, na wewe utaaibika kanisani."

Tulimpeleka hospitali akalazwa. Waliouliza niliwaambia tumekwenda Sengerema kumsalimia bibi.

Usiku mmoja wodini, alipopata usingizi baada ya sindano, nilitoka nikasimama kwenye korido. Nikamwambia Mungu, tena kwa sauti: "Umenidanganya. Umenifurahisha mbele za watu kisha umenigeuka. Ungekuwa baba wa duniani ningekupeleka ustawi wa jamii." Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Nilipomaliza nikapigwa na hofu ambayo haijaniachia mpaka leo. Tangu usiku ule sijaweza kuomba nikiwa peke yangu. Nikiwa mbele ya akina mama maneno yanatoka yenyewe, "Baba tunakushukuru kwa kuwa u mwema", wanalia, wanasema amina, na mimi ndani sisikii kitu.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Tangu semina ile hajakanyaga kanisani. Nikimwambia twende, anajibu, "Mungu amhurumie huyu mtoto kwanza, ndipo mimi nitaongea naye." Mama mkwe naye anasema upande wetu kuna madhabahu ya ukoo inayodai damu, na kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Naomba unisaidie. Je, nimemkufuru Roho Mtakatifu? Nitoe ushuhuda, au nikatae? Nikikataa watasema nimepoteza uponyaji kwa kukosa imani, na wapo akina mama wenye watoto wagonjwa ambao wanasubiri kunisikia wapate nguvu. Niache uongozi wa maombi? Na mtu anamtumainije Mungu ambaye hajui tena atafanya nini?

Mama Mwenye Hofu, Mwanza

JIBU

Mdogo wangu, pole. Pole kwa hizo safari za usiku, na pole kwa lile taulo. Nimeisoma barua yako yote, na kila nikifika pale inabidi nisimame kidogo.

Umeniuliza maswali manne. Kabla sijayagusa, naomba nikueleze nilichokiona nikiyasoma pamoja. Katika nyumba yenu kila mtu anaficha kitu. Wewe unaficha kidonge. Mtoto anaficha maumivu. Mume wako anaficha huzuni yake nyuma ya sentensi moja kali. Na tangu usiku ule wa korido, wewe unamficha Mungu moyo wako. Nyote mnafanya hivyo kwa nia njema, ili jina la Mungu lisiaibike. Swali ninalokuomba ukae nalo, bila haraka ya kulijibu, ni hili: je, Mungu aliomba kulindwa hivyo?

Tuanze na hofu yako, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Kuhusu kumkufuru Roho, lisome neno lile mahali lilipo, Marko sura ya 3. Yesu aliwaambia walimu wa sheria waliomwona akiponya watu, nao kwa macho makavu wakasema ana pepo mchafu. Walikuwa wanalitazama jema na kuliita la shetani. Sasa jilinganishe nao. Wewe ulikuwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, umesimama kwenye korido, unamlilia Mungu uliyemtegemea. Sioni hao watu wawili wanafananaje.

Na hilo neno lililokutisha zaidi, "umenidanganya", hukuwa wa kwanza kulisema. Yeremia alilisema: "Ee Bwana, umenihadaa, nami nimehadaika." Ni sura ya 20. Hakupigwa na radi. Aliendelea kuwa nabii, na maneno yake yakahifadhiwa katika kitabu kile kile tunachokisoma madhabahuni. Musa alimuuliza Mungu kwa nini amewatenda watu wake mabaya. Martha alimpokea Yesu njiani na lawama: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yesu hakumkemea kwa kauli hiyo, na muda mfupi baadaye yeye mwenyewe akalia machozi. Hana alipoomba kwa uchungu, kuhani Eli alidhani amelewa. Angalia hapo: aliyekosea kuielewa sala ile alikuwa mtumishi wa Mungu, si Mungu.

Unasema tangu usiku ule hujaomba. Mimi najiuliza kama usiku ule haukuwa mara ya mwisho ulipoomba kwa moyo wako wote. Hukumsema Mungu kwa majirani. Ulimfuata mwenyewe ukamwambia usoni. Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumlaumu kwenye korido saa nane za usiku.

Najua utaniambia, lakini maneno huumba. Sitaki kulidharau neno hilo. Limetokana na Mithali 18, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, na ni kweli: mtoto anayeitwa mzigo kila siku hunyauka. Waliokuambia usimwite mgonjwa huenda walitaka asijione ni ugonjwa unaotembea, na hapo naungana nao. Ila sijui ni wapi tulipotoka hapo tukafika mahali ambapo kusema "naumwa" ni dhambi. Usiku wa Gethsemane Bwana aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hakuona kwamba kwa kulitamka anaiumba. Ayubu alilaani siku aliyozaliwa, rafiki zake wakamtetea Mungu kwa hotuba ndefu, na mwisho wa kitabu Mungu akasema wao hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Katika Zaburi 150 tulizo nazo, yapata theluthi moja ni za watu wanaolalamika mbele za Mungu. Nyingi hugeuka mwishoni zikawa sifa. Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ndani ya aya sita tu imeshafika kwenye wimbo. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya maandiko hawakuiongezea aya ya kuipamba. Sisi makanisani tunaichagua ya 23, na ni nzuri, lakini mtu akisikia ya 23 peke yake maisha yake yote, siku ya 88 itakapomfikia ataona ametoka nje ya imani.

Kwa kuwa wewe ni Mlutheri, nikukumbushe na jambo la Luther mwenyewe. Mwezi Septemba 1542 alimzika binti yake Magdalena, mwenye miaka 13. Alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa mwisho mwema wa mtoto, lakini upendo wa mzazi ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hawakuweza bila kulia na kuugua. Huyo ndiye aliyetufundisha kuhesabiwa haki kwa imani, na hakujifanya.

Sasa mtoto. Hapa nitasema wazi kuliko mahali pengine, kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi kabla ya kazi hii na najua kinachoweza kutokea. Mtoto mwenye siko seli anayeficha maumivu yuko hatarini. Homa kwake inaweza kuwa maambukizi yanayokimbia kwa saa, na kwenye kanda yetu ya ziwa malaria huwaumiza watoto hawa vibaya. Akipata homa, akihema kwa shida au kifua kikibana, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akiumwa kichwa sana au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, ni hospitali saa ile ile, si baada ya maombi. Ombeni njiani. Kwa hiyo vyovyote utakavyoamua kuhusu ushuhuda, naomba leo umketishe mwanao umwambie kwamba kuumwa kwake hakumkasirishi Mungu wala hakukuaibishi wewe. Mwambie kwa maneno yako. Kisha muulize anamfikiriaje Mungu, umsikilize bila kumsahihisha. Huenda utasikia kitu kinachofanana na kile ulichokisema koridoni.

Na kuhusu dawa, huyo mhubiri alikuwekea njia mbili tu, kuamini au kumeza. Hezekia alipougua alilia sana, akaomba, na Mungu akamsikia. Nabii Isaya, aliyempelekea jibu hilo, ndiye huyo huyo aliyeagiza mkate wa tini ukawekwe juu ya jipu. Wiki zile ambazo mwanao hakuumwa zinaweza kuwa na maelezo zaidi ya moja. Siko seli yenyewe hutulia kisha ikarudi. Haidroksiurea hupunguza mashambulizi kwa watoto wengi, na inachukua miezi kuonyesha nguvu yake. Na Mungu alikuwa anaombwa. Mimi siwezi kugawanya nani alifanya nini, na sidhani kwamba shukrani inahitaji mgawanyo huo. Ninachokuomba ni kwamba dawa isiendelee kuwa ya siri. Dawa hii inahitaji vipimo vya damu kliniki, na ya kujificha hurukwa kirahisi: siku wifi akichelewa kutoka, siku mkisafiri. Na mtoto anayepewa dawa yake mlango ukiwa umefungwa anajifunza kwamba dawa ni aibu.

Mama mkwe wako naye ni bibi anayeogopa kumpoteza mjukuu, kwa hiyo usimjibu kwa hasira. Ila ukweli ni kwamba siko seli hairithiwi upande mmoja. Mtoto huipata anapopokea kinasaba kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba, na kwa wazazi ambao wote wamebeba kinasaba hicho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa huo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kimeenea sana kwetu penye mbu wengi. Kilichowasaidia mababu zenu wa pande zote mbili kuishi ndicho kilichokutana kwa mtoto wenu. Kama mume wako bado hajaelezwa hivyo na daktari, nendeni kliniki pamoja. Huenda ndani yake anajilaumu, au anakulaumu wewe na hasemi.

Tuje kwenye ushuhuda. Sitakuchagulia, ila tuzitazame njia pamoja.

Unaweza kusimama useme amepona. Najua uzito wa jina lililoshaandikwa kwenye ratiba, na katika furaha yako ya zile wiki kuna shukrani ya kweli isiyostahili kutupwa. Lakini mwanao atakuwa amekaa kwenye benchi anakusikiliza. Hilo litamfundisha nini siku nyingine mifupa ikianza kuuma? Na hao akina mama unaohofia watavunjika moyo ukinyamaza, je, umewaza watakachofanya wakikusikia? Mmoja anaweza kurudi nyumbani akaweka kidonge cha mwanawe pembeni, wakati wewe wa kwako unampa. Hili uliwaze polepole, maana sidhani ulikuwa umeliona kutoka upande huo.

Unaweza kumwambia katibu kimya kimya kwamba hauko tayari. Yawezekana hiyo ndiyo nguvu uliyo nayo sasa, na hakuna anayekudai zaidi ya hapo. Hatari yake ni kwamba kimya hujazwa na maneno ya watu, na utabaki na siri zako zote mahali zilipo.

Unaweza pia kusimama useme yote: tulipata wiki za nafuu namshukuru Mungu, mtoto ameumwa tena, anatumia dawa, na bado naomba. Kwa akina mama wenye watoto wodini huo unaweza kuwa ushuhuda wa kwanza wanaojiona ndani yake. Lakini usiufanye kishujaa bila kuhesabu gharama. Wapo watakaosema umepoteza muujiza. Walioandaa semina wanaweza kujisikia wamedhalilishwa. Na zaidi ya wote, ugonjwa ni wa mwanao, mwili ni wake, na shuleni ndiye atakayeulizwa. Ana miaka 11, ana maoni. Alisemwa mara moja kwa kipaza sauti bila kuulizwa, safari hii aulizwe.

Kabla ya lolote kati ya hayo, kuna mchungaji wako. Hukumtaja hata mara moja katika barua, nami sijui ni kwa nini. Kama ni mtu wa kutunza siri, mwone, ikiwezekana na mume wako. Wachungaji wengi wamekaa kwenye wodi kuliko tunavyofikiri, na wanajua watu hufa na kupona pande zote mbili za maombi. Kama yeye ndiye anayesukuma ushuhuda, basi mtafute mzee wa kanisa au mwinjilisti unayemwamini. Na hata mchungaji akikubembeleza, "bado" ni jibu unaloruhusiwa kutoa.

Uongozi wa maombi je? Sijui kama umechoka kuongoza au umechoka kujifanya, na hayo mawili dawa yake si moja. Ukipumzika kwa muda ukamwachia mwenzako, utapata nafasi ya kukaa kama muumini mwingine tu, uombewe. Ila pumziko linaweza kugeuka upweke, hasa kwa mtu ambaye marafiki zake wote wako kwenye kundi hilo. Ukiendelea, si lazima utunge maneno. Fungua Zaburi ya 13 uisome polepole, uketi, useme aliye na neno aongeze. Katika kukaa kwangu na akina mama wa kanisa nimeona mara nyingi kwamba mmoja akithubutu kusema "mimi sielewi", wengine waliokuwa kimya miaka mingi hupata mdomo. Siwezi kukuahidi kwamba kundi lako litakuwa hivyo. Wengine huogopa, wakaanza kukuombea utolewe roho ya mashaka. Unawajua wewe.

Mume wako alisema, Mungu amhurumie mtoto kwanza, ndipo nitaongea naye. Wewe umeisikia kama kukataa. Mimi naisikia kama mtu aliyeshaanza kuongea, ila amegeuza uso. Je, anajua ulichokisema kule koridoni? Ukimwambia, huenda akagundua kwamba katika hasira yake hayuko peke yake, na kwamba mke wake anayeongoza maombi naye anavuja damu. Huenda pia akasema, "Si nilikuambia?" Chagua saa, na usimwambie ili umrudishe kanisani. Mwambie kwa sababu ni baba wa mtoto huyo.

Umeniuliza mwisho mtu anamtumainije Mungu ambaye hajui atafanya nini. Mdogo wangu, mimi naamini Mungu anaponya, nimeona ambayo madaktari walishangaa. Na nimesimama makaburini na akina mama walioomba kuliko nitakavyoomba mimi maisha yangu yote. Sijui kwa nini, na wanaosema wanajua hunitia wasiwasi. Ninachokiona katika Maandiko ni kwamba waliomtumaini hawakuwa wameonyeshwa mwisho. Vijana watatu wa Danieli walimwambia mfalme Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, bali kama si hivyo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka. Alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, na hakuna mahali alipomlaumu kwa kukosa imani. Bwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Alitaka kimwepuke. Alilisema hilo kwanza, waziwazi, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatimizwe, na akarudi kuomba maneno yale yale mara ya pili na ya tatu. Kama yeye alihitaji kurudia, sioni kwa nini wewe udaiwe kufika kwenye "amina" kwa usiku mmoja.

Isome Marko sura ya 9 ukipata nafasi. Ni habari ya baba mwenye mtoto anayeanguka na kutoka povu. Yesu anamuuliza, "Amepatwa na haya tangu lini?" kama wanavyouliza kliniki, na baba anaeleza yote, tangu utoto, jinsi anavyoangushwa motoni na majini. Hakuna anayemwambia asikiri ugonjwa. Kisha anatamka sentensi ambayo nadhani ni yako kwa sasa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Najua mtoto yule aliponywa siku ile, na wako bado anameza kidonge, wala sitaki kulifunika hilo. Nakuonyesha tu kwamba sala yenye vipande viwili vinavyopingana ilipokelewa, na aliyeiomba alikuwa mzazi.

Kama kuomba peke yako bado kunakushinda, usijilazimishe maneno marefu. Keti na mwanao jioni, akuambie panapouma, amwambie Mungu hivyo hivyo kwa lugha yake, nawe useme sentensi moja ya kweli, hata kama ni ya hasira. Siku zisizo na sentensi, Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kaa kimya, inatosha.

Mavuno bado hayajafika, kwa hiyo katibu anaweza kusubiri. Zungumza na mtoto kwanza, kisha na baba yake. Halafu niandikie walichosema, tuendelee kutoka hapo. Ukitaka barua hiyo isichapishwe, andika juu ya bahasha, nami nitakujibu kwa faragha.